Mlango wa Nyuma, Kulia

Tarehe 4 Februari

Kitinda mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua kama kawaida, na bado hataki mkongojo kwa sababu anasema mkongojo ni wa wazee. Mimi sijambo. Barua hii anakuletea mwenzangu wa zamu ya asubuhi, yule mrefu anayechekea puani. Sitaki kukuandikia kwenye simu. Simu zetu siku hizi zina masikio, na haya ninayotaka kusema sitaki Bwana Gharama ayasome huku anakunywa chai.

Bwana Gharama ni meneja wetu mpya, tumeletewa kutoka kampuni yenu. Tumempa jina hilo kwa sababu hamalizi sentensi bila hilo neno. Ukiomba likizo, gharama. Ukiomba viatu vipya, gharama. Juzi mmoja wetu alipiga chafya mkutanoni, sote tukasema, haya, gharama hiyo. Yeye hakucheka.

Sasa nisikilize. Kampuni zetu zimeungana, sawa. Ile yenu kubwa imeimeza yetu ndogo, tukaambiwa ni ndoa, keki ikakatwa, na mimi mjinga nikapiga makofi. Jana wamebandika ukutani orodha mpya ya ukongwe: nani yuko juu ya nani, nani anachagua zamu kwanza, nani anapunguzwa kwanza. Nimejitafuta juu, simo. Katikati, simo. Nimejikuta chini kabisa, pamoja na wasichana ambao juzi tu nilikuwa nawafundisha kufunga skafu shingoni. Eti sisi wa kampuni ndogo miaka yetu inahesabiwa kuanzia siku ya ndoa. Yaani miaka yote ile niliyosukuma toroli la chai angani nilikuwa nafanya nini, matembezi?

Halafu kule juu nikaona jina lako. Wewe! Wewe niliyekupeleka kwenye usaili kwa mkono wangu, nikakuazima viatu vyangu vyeusi, vikakubana ukalia chooni nikaja kukufuta machozi!

Nimesikia chama chenu cha wafanyakazi kilikaa mezani na kampuni kikaikubali orodha hiyo, na kwamba wewe ni mjumbe. Nauliza jambo moja tu, unijibu bila kuzungukazunguka. Ulinyoosha mkono?

Mama anakusalimu. Hajui lolote, nimemwambia kazi inaenda vizuri.

Dada yako


Tarehe 11 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama. Mwambie mkongojo nitamletea mimi, nimeona mmoja una nakshi nzuri, labda huo atasema ni pambo. Mimi niko salama.

Ndiyo. Nilinyoosha mkono.

Ulitaka nikujibu bila kuzunguka, nimekujibu. Sasa na wewe nisikilize, maana umezoea kusema ukamaliza ukaondoka. Walituwekea mezani mambo mawili. Ama orodha hiyo, ama nusu yenu nyote mrudishwe nyumbani mwezi huo huo. Ulitaka ninyooshe mkono kwa lipi? Lakini hukuniuliza kama niliona raha, umeniuliza tu kuhusu mkono, na viatu. Hivyo viatu nitavisikia mpaka lini? Kila nikifanya jambo ambalo hukulipenda, viatu vinatoka kabatini.

Kuna jingine, afadhali ulisikie kwangu. Kuanzia mwezi ujao, kwenye zile ndege zetu za safari fupi, wahudumu wanne watakuwa watatu. Nyuma atabaki mtu mmoja, na milango yote miwili ya nyuma, wa kushoto na wa kulia, itakuwa yake. Hilo tulilikataa. Tuligonga meza, tukatoka nje, tukarudi. Wakasema gharama za watumishi zimepanda tangu kuungana, wakafanya walivyotaka.

Na nimepandishwa. Sasa mimi ni kiongozi wa wahudumu. Nilikuwa nimepanga kukupigia simu tufurahi pamoja, ndipo barua yako ikafika.

Mdogo wako


Tarehe 2 Machi

Kitinda,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mama ameuliza huo mkongojo una nakshi gani, kwa hiyo ujue amekubali ingawa anakataa.

Nimeona ratiba. Alhamisi tumepangwa ndege moja, safari ya kwenda na kurudi. Wewe kiongozi, mimi nyuma peke yangu. Nimecheka mpaka msichana wa ofisi ya zamu akaniuliza kama naumwa. Katika ndege zote na watu wote!

Basi nina masharti yangu, na usiseme sikukwambia. Utanipa maagizo, hiyo ni kazi na kazi naiheshimu kuliko wewe. Nitakuita kiongozi mbele ya abiria. Sitakuita Kitinda hata ukimwaga kahawa. Lakini usinidhalilishe. Usije ukaniuliza jambo mara mbili mbili kama mtoto aliyetumwa dukani. Nikikwambia nyuma tayari, ni tayari. Nilikuwa nafunga milango ya ndege wewe ukiwa unafungwa kamba za viatu.

Na nikwambie kinachoniudhi kuliko orodha. Sisi kwetu tulikuwa na desturi yetu, kila mlango unaguswa na watu wawili. Nikishafanya wangu, mwenzangu anavuka anaugusa, na mimi navuka naugusa wake, ananiinulia dole gumba, namwinulia. Hatukuwahi kukosea. Sasa mwenzangu wamempunguza. Nitavuka kwenda kwa nani?

Alhamisi basi, kiongozi.

Dada yako


Tarehe 9 Machi

Kitinda,

Usinipigie tena simu, sipokei. Hujambo, najua hujambo. Mama hajambo.

Mama ameniuliza kwa nini niko jikoni na nguo za nyumbani siku ya kazi. Nikamweleza, nawe nitakueleza kama nilivyomweleza, kwa sababu pale uwanjani tulitenganishwa kama wezi, hatukusemezana.

Nilimwambia hivi. Mama, mlango wa ndege una kishikio pembeni. Safarini kinakaa chini, na kikiwa chini ukaufungua mlango, mpira wa dharura unafyatuka nje unajaa upepo, mkubwa kama chumba hiki, ili watu wateleze waokoke. Tukishafika salama tunakipandisha juu, na mlango unakuwa mlango tu. Basi tumefika, nikapandisha cha kushoto. Nikageuka kulia. Na mwili wangu, mama, huu mwili uliozoea kazi, ulivuka kwenda kulia kama unakwenda kwa mwenzangu. Haukwenda kukipandisha kishikio, ulikwenda kukikagua. Nilikigusa kikiwa chini, akili ikaniambia mwenzako ameshafanya, nikainua dole gumba. Nimeuinulia ukuta dole gumba!

Mama akauliza, kwani huyo mwenzako alikuwa wapi? Nikamwambia, amepunguzwa. Akasema, sasa mbona wamekufukuza wewe? Nikamwambia sijafukuzwa, nimesimamishwa. Akasonya.

Nikakupigia kwa simu ya ndani, nikasema nyuma tayari. Wewe ukasema asante. Asante! Utaratibu mpya mmeuleta wenyewe: kukiwa na mtu mmoja nyuma, kiongozi anauliza kila mlango peke yake. Nyuma kushoto? Anajibiwa. Nyuma kulia? Anajibiwa. Ungeniuliza kulia ningegeuka, ningekiona. Hukuuliza. Na najua kwa nini hukuuliza, ndiyo maana sipokei simu yako.

Mtu wa gari la chakula akagonga mlango wa kulia, nikafungua. Ule mlio uliusikia. Yule baba aliruka pembeni trei zikamwagika zote, hakuumia, nimemuulizia. Ndege ikalazwa pale pale, haikuruka.

Bwana Gharama ameniambia waziwazi. Kama uliniuliza mlango wa kulia nikajibu tayari, kosa ni langu, kazi imekwisha. Kama hukuniuliza, kosa ni la kiongozi, kazi yako imekwisha. Mmoja lazima aondoke, na waliosikia simu ile ni wewe na mimi tu. Kikao changu Jumatatu, chako Jumatano.

Nina hasira na wewe. Nina hasira na mwili wangu. Na yule aliyekaa ofisini kwenye kiti kinachozunguka akaamua kwamba mtu wa nne ni anasa, huyo sina neno la kumwita ambalo naweza kuliandika mama akiwa karibu.

Sikuombi kitu. Sema utakalosema.

Dada yako


Tarehe 19 Machi

Dada,

Shikamoo, ingawa leo naiandika nimeuma meno. Mama mzima? Mimi si mzima hata kidogo.

Jumatano nilikwenda na maneno yangu yamejipanga. Nilikuwa nimeyarudia njiani mpaka dereva wa teksi akadhani naongea naye. Ningewaambia, sikumuuliza dada. Hilo tu. Sikumuuliza mlango wa kulia, na kama mnataka kujua kwa nini, kaeni vizuri niwaeleze.

Bwana Gharama akanivutia kiti. Akaniagizia chai. Akasema kikao changu kimefutwa, hakuna haja tena, dada yako Jumatatu amemaliza yote. Amesema ulimuuliza kushoto akajibu, ukamuuliza kulia akajibu. Akasema wewe, dada, ni mama muungwana sana. Halafu akakoroga chai yake, akasema tena, na kwa mshahara wake tutaajiri wasichana wawili wa mkataba wa muda, kwa hiyo hata kwa upande wa gharama mambo si mabaya.

Alisema hivyo, dada. Anakoroga chai.

Nikamwambia ni uongo, sikumuuliza. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto anayelilia kiti cha dirishani. Akasema suala limefungwa, nenda kazini. Hawataki kujua! Mtu wanayemtaka wameshampata, yule wa gharama kubwa. Mimi nikisema sikuuliza, itabidi waulize kwa nini, na wakiuliza kwa nini watafika kwa mtu wa nne, na huko hawataki kufika.

Sasa wewe. Nani kakuomba? Nani alikwambia uniokoe? Umekwenda kusema uongo mbele ya mtu yule kwa ajili yangu, halafu umenyamaza, nami kila nikipita ofisini wenzako wa zamani wananitazama kama nimekusukuma kutoka kwenye ngazi. Hukunipa hata nafasi ya kuwa mtu mzima mara moja.

Unataka kusikia kwa nini sikukuuliza? Simu ilikuwa mkononi na swali lilikuwa mdomoni. Nikakumbuka barua yako, mtoto aliyetumwa dukani. Na hata usingeniandikia, dada, wewe ni wewe. Tangu nimejua kusema sijawahi kukuuliza kitu mara mbili.

Nijibu. Tukana ukitaka, ila nijibu.

Mdogo wako


Tarehe 6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hujajibu. Mama ananiambia uko, unakula kidogo, unapanga vyombo vya jikoni na kuvipangua, na kila mlango wa nyumba ukiufunga unarudi kuushika. Amesema amechoka kupisha njia.

Kwa kuwa husemi, nitasema mimi.

Jumanne iliyopita nilikuwa kiongozi kwenye ndege ile ile. Abiria wamekaa, mikanda imefungwa, mizigo imebanwa. Nyuma nilikuwa na msichana wa mkataba wa muda, peke yake. Nikachukua simu ya ndani. Nikauliza, nyuma kushoto? Akasema tayari. Nikauliza, nyuma kulia? Akasema tayari. Nikamwambia, wewe sikuulizi, wewe umeshajibu la kushoto. Namuuliza mtu wa kulia. Halafu akasema kwa sauti ndogo, kiongozi, kulia hakuna mtu.

Nikaenda mbele nikamwambia rubani, ndani hatuko tayari, nyuma kulia hakuna mtu. Unajua bila neno langu ndege haisogei, na hiyo si sheria ya Bwana Gharama, ni sheria ya anga, hawezi kuipunguza. Rubani akaniuliza, unajua unachofanya? Nikamwambia najua sana, aliyeachwa peke yake kule nyuma ni dada yangu.

Muda ukaenda. Abiria wakaanza kufoka, mmoja akasema nimelipa pesa zangu, mwingine akaanza kunipiga picha. Nikachukua kipaza sauti. Nikasema, ndugu abiria, tunachelewa kwa sababu mlango wa nyuma kulia hauna mtu wa kuufungua mkipata hatari. Alikuwepo, kampuni imempunguza. Mama mmoja wa viti vya katikati akapaza sauti, basi si aletwe! Ndege nzima ikaitikia. Dada, ungekuwepo! Wakamleta mtu kutoka chumba cha wahudumu wa akiba, amevaa blauzi bila skafu, anahema.

Kesho yake kiongozi mwingine akauliza swali lile lile. Keshokutwa yake watano. Na hawakuwa wa kwetu tu, wa kwenu pia, wale wasionisalimia tangu orodha ibandikwe. Asubuhi kwenye chumba cha wahudumu salamu imekuwa hiyo. Mtu akiingia anaulizwa, nyuma kulia? Bwana Gharama ametoa tangazo kwamba mtu wa nne anarudishwa kwa muda. Hilo neno "kwa muda" tumeliona, hatukulala.

Sasa sikia sehemu inayokuhusu. Chama kimewabana wakaifungua kesi yako. Kikao kipya Jumatatu, mimi na wewe chumba kimoja. Wanachotaka ni wewe urudie uongo wako. Ukisema tena kwamba nilikuuliza na ukajibu, watasema mnaona, mtu mmoja anatosha, ni huyu mama tu aliyezeeka akakosea. Utaondoka wewe, na mtu wa nne atakufuata. Ukisema kweli, huenda nitaondoka mimi. Nimeshakubali. Nataka useme kweli. Usiniokoe tena, dada, nakuomba, sitaki.

Na mimi nimejifunza kuuliza, kwa hiyo nakuuliza. Dada, hujambo?

Najua umeshajibu sijambo kabla hujamaliza kusoma. Nakuuliza tena. Hujambo?

Mdogo wako


Tarehe 10 Aprili

Kitinda,

Umeniuliza mara mbili, nitakujibu mara mbili.

Sijambo. Hiyo ni ya kwanza, ni ya heshima, tumeshaimaliza.

Ya pili ni hii. Mimi si mzima. Ndege ikipita juu ya nyumba nasimama, hata kama nilikuwa nimekaa kula. Nina hasira tangu asubuhi mpaka jioni, nimemfokea muuza mkaa, nimemfokea mama, nimeufokea mlango wa kabati. Sijakusamehe ule mkono ulioinyooshea orodha, na ukongwe wangu nautaka wote, mwaka mmoja mmoja, usidhani nimesahau. Ila nimesoma habari ya yule mama wa viti vya katikati nikacheka peke yangu mpaka mama akaja kuniangalia.

Umeniuliza nani kaniomba niseme uongo. Hakuna. Nilikaa mbele ya yule mtu na chai yake nikaona aibu, Kitinda. Sikuona aibu ya mpira. Niliona aibu wasije kujua kwamba mdogo wangu ananiogopa kiasi cha kuacha kufanya kazi yake. Nikaona afadhali waseme nimezeeka.

Jumatatu naja. Nitawaambia hukuniuliza. Nitawaambia nilikukataza kuniuliza, kwa maandishi, na barua waisome wakitaka. Halafu nitawauliza mimi, pale nyuma mlituweka watu wangapi? Na wakijibu nitawauliza tena. Wakitufukuza wote wawili, basi, mama atapata wa kumgombeza asubuhi na wa kumgombeza jioni, na mkongojo wake uje nao mkononi, maana ameuulizia leo tena.

Unisubiri nje, tuingie pamoja. Vaa viatu vyako, vyangu nitavivaa mwenyewe.

Nimeshauliza hicho chumba kikoje. Kuna viti viwili upande wetu wa meza. Mimi nitakaa kushoto, wewe kaa kulia.

Dada yako